Kuongeza Miaka ya Kiwanja cha Kukodi

Maneno ya hotuba kwa wenye nyumba na viwanja wa Diani, Ukunda na Msambweni



Katika pwani hii ya kusini, tangu Likoni mpaka Vanga, kuna hati nyingi za ardhi zilizofungiwa masandukuni ambazo wenyewe hawajazisoma tangu siku walipokabidhiwa. Zimewekwa pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, wala hazitolewi ila siku ya msiba au ya ugomvi. Lakini hati ya ardhi si hirizi, hata imlinde mtu kwa kuwa imefungwa vizuri. Nyingine zina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo hufika, mwenyewe akiikumbuka asiikumbuke.

Maneno haya ni juu ya hati za namna hiyo, yaani hati za viwanja vya kukodi ambavyo watu wamejenga nyumba zao za kukaa. Shabaha yake ni kueleza mambo yanayotokea miaka ya kukodi inapokaribia kwisha, na yampasayo mwenye nyumba kuyatenda kabla ya siku hiyo.

Milki ya daima na milki ya muda

Yapo mashamba mengi katika Kwale ambayo yalipimwa, yakagawanywa, na wenyewe wakapewa milki ya daima. Milki hiyo haina mwisho wa miaka. Baba humwachia mwana, na mwana humwachia mjukuu. Lakini viwanja vingi vya mijini na baadhi ya viwanja vya ufukweni havikutolewa hivyo. Serikali ilivikodisha kwa miaka iliyotajwa, kama vile 50 au 99, kwa kodi ya kila mwaka na kwa masharti yaliyoandikwa katika hati yenyewe. Hiyo ndiyo milki ya muda.

Jambo hili si geni katika nchi hii. Ukanda wote wa pwani wenye upana wa maili 10, pamoja na Diani na Msambweni, wenyewe ulikuwa kama kitu cha kukodi. Kwa mkataba wa mwaka 1895, Waingereza walitawala ukanda huo kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar, wakimlipa paundi 11,000 kila mwaka, mbali na riba. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea hapa, ingawa amri ilikuwa mikononi mwa wengine. Mpango huo ulikoma mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru.

Wakati wa ukoloni ndipo hati nyingi za miaka zilipoanza. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa pwani kuthibitisha madai yao, na ardhi iliyokosa mdai ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi hawakujua habari za sheria hiyo, au walijua wakiwa wamechelewa, na uchungu wa jambo hilo ungalipo mpaka leo. Baada ya uhuru, ardhi iliyoitwa ya Mfalme ikaitwa ya Serikali. Na chini ya Katiba ya mwaka 2010 huitwa ardhi ya umma. Jina limebadilika mara mbili, lakini miaka iliyoandikwa katika hati za kukodi imeendelea kuhesabika bila kukatika.

Nyumba na ardhi

Hapa ndipo penye kosa linalowaponza wengi. Tangu zamani watu wa pwani wamezoea kwamba ardhi yaweza kuwa ya mmoja, na kilicho juu yake kikawa cha mwingine. Shamba ni la fulani, lakini minazi ni ya jirani yake aliyeipanda. Naye huiuza, huiweka rehani, na kuirithisha pasipo kuigusa ardhi. Katika mitaa ya zamani ya Mombasa kuna maelfu ya nyumba za namna hiyo: mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya mwezi, naye huihesabu nyumba kuwa ni mali yake halisi.

Kwa mazoea hayo, mtu aliyejenga juu ya kiwanja cha kukodi hudhani kwamba miaka ikiisha, Serikali itachukua mchanga na yeye atabaki na kuta. Sivyo ilivyo. Katika hati ya kukodi, jengo hufuata ardhi. Muda unapokwisha pasipo kuongezwa, kiwanja hurudi kwa mwenye kukodisha pamoja na vyote vilivyojengwa juu yake, isipokuwa hati yenyewe iwe imesema vinginevyo. Haidhuru kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe au ya matofali, wala haidhuru kama imegharimu akiba ya miaka 30 ya kazi ya mtu hotelini au bandarini.

Miaka mitano ya kabla ya mwisho

Sheria haikumwacha mwenye nyumba bila msaada. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba katika miaka mitano ya mwisho mkodi apelekewe habari kwa barua ya rejista, aambiwe tarehe ambayo muda wake utakwisha, na akumbushwe haki yake ya kufikiriwa kwanza kabla ya mtu mwingine ye yote. Haki hiyo ina masharti mawili: mkodi awe raia wa Kenya, na ardhi isiwe inatakiwa na Serikali ya Taifa au ya Kaunti kwa faida ya umma. Kanuni zilizotolewa mwaka 2017 zimeeleza kwa urefu namna ya kuomba.

Yafaa maneno mawili yatofautishwe hapa. Kuongeza muda ni kuomba kabla ya miaka kwisha, wakati mkodi angali ana hati yenye nguvu mkononi. Kuomba upya ni kuja baada ya miaka kwisha, wakati ardhi imekwisha kurudi kwa umma. Wa kwanza huzungumza na Serikali akiwa mwenye kiwanja. Wa pili huja akiwa mwombaji, ijapokuwa amekaa hapo maisha yake yote. Tena haki ya kufikiriwa kwanza si ahadi ya kupewa. Ni haki ya kutangulia mlangoni.

Ifahamike pia kwamba barua hiyo ya rejista hupelekwa kwa anwani iliyoandikwa katika daftari la ardhi. Anwani hiyo huenda ikawa sanduku la posta la mwajiri aliyefunga biashara zamani, au la marehemu ambalo halijalipiwa kwa miaka mingi. Barua itakwenda, haitampata mtu, na miaka itaendelea kupungua. Kwa hiyo mkodi mwenye busara haingojei barua. Huenda mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi mjini Kwale, akaomba upekuzi wa kiwanja chake, akaona jina na mambo yaliyoandikwa huko, na akaomba anwani yake isahihishwe.

Namna ya kuhesabu

Miaka ya hati huhesabiwa tangu tarehe iliyotajwa kuwa mwanzo wa kukodi. Haihesabiwi tangu siku hati ilipochapishwa, wala tangu siku mtu alipokinunua kiwanja. Chukuliwe mfano wa kiwanja cha Ukunda kilichokodishwa kwa miaka 50 tangu tarehe 1 Januari 1980. Mtu akikinunua mwanzoni mwa mwaka 2005, atasema kwa furaha kwamba amenunua kiwanja. Kwa kweli amenunua miaka 25 iliyosalia. Muda wake utakwisha tarehe 31 Desemba 2029, na ile miaka mitano ya mwisho imeanza pamoja na mwaka 2025. Kama alimlipa muuzaji bei ya milki ya daima, alilipia miaka ambayo muuzaji hakuwa nayo.

Vivyo hivyo benki huihesabu miaka iliyosalia kabla ya kukopesha. Nyumba nzuri juu ya miaka minane ni dhamana hafifu, kwa maana deni laweza kuishi zaidi ya hati. Mnunuzi naye husitasita kwa sababu iyo hiyo. Basi thamani ya nyumba haingoji siku ya mwisho ndipo ianguke. Huanza kupungua polepole wakati mwenyewe angali anapaka chokaa ukutani.

Wenye nyumba za ghorofa katika Diani wana jambo lao zaidi. Mtu aliyenunua sehemu moja ya jengo hawezi kuwa na miaka mingi kuliko ardhi iliyo chini ya jengo zima. Tena Sheria ya mwaka 2020 juu ya milki za sehemu za majengo haikubali jengo ligawanywe kwa hati za sehemu kama muda wa ardhi uliosalia haufiki miaka 21. Kwa hiyo wenye sehemu na waulize mapema, wakiwa pamoja, hati ya ardhi nzima ina miaka mingapi, na ni nani mwenye wajibu wa kuomba iongezwe.

Warithi

Shida iliyo kubwa kuliko zote huonekana pale ambapo mwenye hati amekwisha kufa. Watoto wanakaa ndani ya nyumba, wanalipa kodi ya ardhi kwa jina la baba, nao hudhani kwamba hilo latosha. Lakini maombi ya kuongeza muda hayana budi kutolewa na mtu anayetambuliwa na sheria, na marehemu hawezi kuomba. Ni lazima kwanza mirathi ifunguliwe mahakamani, na msimamizi wa mali apatikane. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika sehemu hizi, Mahakama ya Kadhi huweza kusikiliza habari ya mirathi ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko.

Katika Wadigo jambo hili lina uzito wa pekee. Zamani urithi wao ulipita upande wa mama, na mpwa alimrithi mjomba wake. Kisha sheria ya Kiislamu ikaleta haki ya mke na watoto, wa kiume na wa kike. Baina ya desturi hizo mbili zimetokea kesi nyingi, na mara nyingine jamaa hukaa miaka 10 wakibishana ni nani mwenye haki ya nyumba. Mabishano hayo yakiwa juu ya milki ya daima, ardhi huwangoja. Yakiwa juu ya milki ya muda, ardhi haiwangoji. Yawezekana ndugu wakapatana siku ambayo hakuna tena kitu cha kugawana, na mjane aliyekuwa akitegemea kodi ya vyumba viwili akakosa hata pa kulala.

Wageni na makampuni

Diani ina wakazi wengi waliotoka Ulaya, na wengine wameoa au kuolewa na wenyeji. Yawapasa wajue kwamba kwa Kifungu cha 65 cha Katiba, mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, na kwa muda usiozidi miaka 99. Aliyekuwa na milki ya daima au hati ya miaka 999 siku Katiba ilipoanza, tarehe 27 Agosti 2010, amehesabiwa kuwa na miaka 99 tangu siku hiyo, nayo itakwisha mwaka 2109. Tena ile haki ya kufikiriwa kwanza imewekwa kwa ajili ya raia. Asiye raia hawezi kuitegemea.

Wengine huona kwamba kuunda kampuni yenye ubia baina ya mgeni na mwenyeji ni njia ya kupita. Katiba imekwisha kulifikiri hilo. Kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu wenye kampuni wote ni raia. Hisa moja mikononi mwa asiye raia yatosha kuifanya ihesabiwe kama mgeni. Na mali iliyowekwa kwa amana huhesabiwa kuwa ya raia ikiwa faida yake yote ni ya raia. Mume na mke wa nchi mbili, wenye nyumba moja kwa jina la kampuni, na walichunguze jambo hili na wakili mapema, wakiwa na afya na mapatano.

Ardhi ya ufukweni

Kila maombi ya kuongeza muda huwapa maofisa nafasi ya kukitazama kiwanja tena. Mipaka huangaliwa, na matumizi hulinganishwa na masharti. Kwa wenye viwanja vya ufukweni hilo ni jambo zito. Ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma kwa Katiba. Tena kanuni za upimaji zinasema kwamba ardhi ya Serikali ya ufukweni inapopimwa ili itolewe, kwa kawaida uachwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya mstari wa maji kujaa. Wavuvi wa Msambweni, wa Gazi na wa Diani wana njia zao za kufikia madau, na njia hizo hazikuzaliwa pamoja na hoteli.

Mwaka 2017 Kaunti ya Mombasa ilivunja ukuta wa kiwanja kimoja cha Nyali ili kufungua njia ya kwenda pwani. Mwenye kiwanja alishitaki, akionyesha hati iliyopita mikono kadhaa. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahali hapo palikuwa pametengwa kuwa wazi kwa umma, na kwamba hati isiyo na asili halali haipati uhalali kwa kuuzwa. Mwaka huohuo Mahakama hiyo ilisema pia kwamba barua ya kugawiwa kiwanja, peke yake, haimpi mtu milki. Basi mwenye kuomba miaka zaidi na ahakikishe kwanza kwamba miaka ya awali ilipatikana kwa njia iliyonyoka.

Hatua za kufuata

Kwanza, hati isomwe, na tarehe ya kuanza, idadi ya miaka, na masharti yaandikwe pembeni kwa lugha ambayo jamaa wote wanaifahamu. Pili, ufanywe upekuzi katika daftari la ardhi, ili ijulikane kama jina ni sahihi, na kama kuna rehani au zuio. Tatu, kodi ya ardhi ya Serikali ya Taifa na ada za Kaunti zilipwe zote, na stakabadhi zitunzwe. Hayo ni malipo mawili mbalimbali, na kulipa moja si kulipa la pili. Nne, maombi yaandikwe kwa fomu inayotakiwa na kupelekwa kabla ya muda kwisha, na nakala igongwe muhuri wa siku ilipopokewa. Nakala hiyo yenye muhuri itunzwe kama hati yenyewe inavyotunzwa.

Baada ya hapo ofisi hutaka maoni ya wanaohusika: serikali ya Kaunti, wapangaji wa miji, na wapimaji. Tume ya Ardhi ya Taifa ndiyo iliyopewa na Katiba kazi ya kusimamia ardhi ya umma kwa niaba ya serikali zote mbili. Maombi yakikubaliwa, mkodi hupewa masharti mapya na kodi mpya, na yafaa ajiandae, maana kodi iliyowekwa miaka 50 iliyopita hailingani na bei za leo. Hati ya zamani hurudishwa na mpya huandikishwa. Mpaka iandikishwe, kazi haijakwisha, hata kama barua ya kukubaliwa imefika.

Maombi yakikataliwa, mwombaji ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Asiporidhika aweza kwenda kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo hukaa Kwale pia. Lakini njia ya mahakama ni ndefu. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanja cha Ngara, Nairobi, ambacho miaka yake 99 ilikwisha mwaka 2001. Waliokuwa na kiwanja waliomba kuongezewa muda, lakini kikapewa wengine na baadaye kikauzwa. Mahakama iliona kwamba hati iliyotolewa bila kufuata utaratibu haimkingi hata mnunuzi aliyekuja nyuma. Wenye maombi ya kale walisikilizwa; lakini baina ya mwisho wa hati na hukumu hiyo ilipita miaka 24.

Na wawepo macho juu ya madalali wanaopita mitaani wakiahidi kuongeza miaka kwa malipo ya mkononi. Mtu mwenye haja ya wakili na achague wakili anayejulikana. Malipo ya Serikali hutolewa kwa njia za Serikali, na kila shilingi ina stakabadhi yake.

Wazee walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa mwenye kiwanja cha kukodi, ukuta wenyewe huenda usiwe wake tena siku atakapotaka kuujenga. Kwa hiyo kila mwenye hati, akirudi nyumbani, na aitoe sandukuni, aisome mbele ya mkewe au mumewe na watoto waliokomaa, na waihesabu miaka iliyobaki. Ikiwa ni mingi, wamshukuru Mungu na waiandike tarehe mahali pa kuonekana. Ikiwa imebaki mitano au pungufu, safari ya Kwale isingoje mwisho wa mwezi.